Moshi Haukuingia Nyumbani Mwangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe, tai ya kuazima, na viatu vilivyong'aa kupita vya gérant mwenyewe, meneja wa kazino. Kabla ya hapo nilikuwa mchimbaji Kakanda, kwenye mashimo ya kobalti. Shule niliiacha mapema, darasa lenyewe sitaki kulitaja. Lakini kazino ile ya mjini Likasi iliniona nafaa, ikanichukua kuwa agent de salle, yaani mtu wa kuzunguka kati ya mashine za kamari, kuhudumia wateja na kumwaga cendrier, vile visahani vya majivu ya sigara.

"Unavuta?" gérant aliniuliza.

"Hapana, patron. Tangu nizaliwe."

"Utavuta," akasema akicheka. "Humu ndani hata ukuta inavuta."

Sijawahi kuweka sigara mdomoni, lakini siku ile nilitoka mle ninanuka kama nimemaliza pakiti nzima. Nikarudi Shituru, tunakokaa, nikafungua mlango huku naimba. Mke wangu, Mama Béatrice, ana pumu. Kabla sijavua viatu, kifua chake kilianza kupiga filimbi. Akashika meza kwa mikono miwili. Watoto wakakimbilia madirisha. Mimi nilisimama palepale, moshi wenyewe uko mwilini mwangu, sijui niende mbele au nyuma.

Alipopata pumzi, alisema:

"Baba Béa, nguo yako njo inaniua. Kama kazi iko ile, ulale inje. Ao uiache."

"Mama, kazi siachi. Na inje silali."

"Basi fanya akili."

Nikafanya akili. Niseme wazi, sioni haya: mtu anayeujua moshi wa kazino kunishinda mimi, Haut-Katanga nzima, bado sijamwona.

Nilianza na mwili. Nguo za kazi zilibaki kazini. Nilioga kwenye bomba la uani, nikavaa nguo safi, ndipo nikashika njia ya Shituru. Kichwa nilikinyoa kipara, maana nywele hubeba moshi kama sifongo, na mpaka leo kipara hiki kinanipendeza.

Halafu nikausoma moshi wenyewe. Vijana wengi wanadhani climatiseur, kile kiyoyozi, kinasafisha hewa. Hapana. Kinachukua hewa ileile ya chumba, kinaipoza, kinakurudishia usoni. Ukikaa chini yake unakula moshi wa baridi. Na moshi wa sigara hupanda ukiwa wa moto, ukipoa hushuka, na hupenda kutulia pale kwenye pua ya mtu aliyekaa. Basi mimi nilisimama karibu na mlango, hewa ya nje ikinipiga mgongoni. Mteja akiniita, nilimwendea kwa upande unakotoka upepo. Na siku courant ikikatika, jambo ambalo hapa kwetu si habari, groupe ya kazino, yaani jenereta, iliwasha mashine na taa tu. Climatiseur zililala. Hapo usingoje mtu akuambie, toka nje mpaka umeme urudi.

Kwa kazi hiyo nikapandishwa cheo, nikatumwa Kakanda kuwa superviseur wa ukumbi mdogo wa mabati. Kulikuwa na ventilateur nne, zile feni za kupuliza upepo. Nikaziwasha zote, na ukumbi mzima ukanipigia kelele. Wachimbaji wa kule wana desturi yao: mtu akicheza, upepo usimguse, maana unapeperusha bahati. Kiongozi wa kundi moja, waliyemwita Président, alisimama kabisa.

"Chef, zimisha ile kintu! Unafukuza bahati yangu!"

"Président, ku shimo bila upepo si unakufa?"

"Ku shimo ninatafuta kobalti. Huku ninatafuta bahati. Bahati iko nyepesi, weye!"

Watu wakacheka, nikazima. Moshi ukakaa juu yetu kama blanketi. Nilikuwa narudi kwa mke wangu kila mwisho wa juma, na hata baada ya kuoga mara mbili aliniambia ananusa kitu kwenye ngozi yangu.

Ndipo nikakumbuka kazi ya shimoni. Kule mimi nilikuwa mtu wa hewa, yule anayelinda mashine ya kupuliza, na mpira mrefu wa plastiki unashuka mpaka kwa wenzake walio chini. Mtu wa hewa anajua kwamba hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Nikatoboa ukuta juu kabisa, karibu na bati, nikapachika ventilateur kwenye tundu ikitazama nje. Chini ya mlango nikaacha nafasi. Sasa upepo haukumsukuma mtu, ulivuta moshi juu na kuutoa. Président alicheza mchana kutwa, moshi wake ukimpanda kichwani na kwenda zake.

"Unaona," akaniambia, "tangu uzimishe, tuko muzuri."

Ventilateur ilikuwa inazunguka juu ya kofia yake. Nikamjibu, "Ndiyo, Président."

Chef d'exploitation, mkubwa wa kumbi zote, alipokuja kutoka Lubumbashi, kitu cha kwanza alichokiona ni lile tundu.

"Nani alitoboa ukuta yangu?"

"Minye, patron."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya pua yangu."

Alivuta hewa, akatazama juu, akavuta tena. Baadaye nikapata barua ya kurudi Likasi nikiwa chef de salle, msimamizi wa ukumbi wote. Mtu akiona ni bahati, shauri yake.

Lakini ukumbi wa Likasi ni mkubwa, na wavutaji wake hawana huruma. Kiangazi kile, vumbi lilipozidi, Mama Béatrice alilazwa. Daktari akaniambia kwamba kifua kile hakiwezi tena kustahimili hata harufu ya moshi. Nikaenda moja kwa moja kwa Directeur, mkuu wa kazino.

"Nipe chumba cha nyuma, kile chenye mlango wake wa uani. Sigara isiingie. Mimi nitakaa mle."

"Na nani atacheza mule? Mapadri?"

"Watu watakuja."

"Mpaka mvua ya kwanza," akasema. "Kikibaki kitupu, unarudi ku salle kubwa sawa bengine."

Kurudi ukumbini ilikuwa ama kuacha kazi, ama kumzika mke wangu. Nikaingia kazini kwa mikono yangu. Niling'oa zulia na mapazia, maana vitambaa hutunza moshi wa mwaka jana, nikatoboa tundu langu la juu, nikaandika mlangoni: Hapa hakuna sigara. Wateja walichungulia tu.

"Chef, hii ni chumba ya bagonjwa?" waliniuliza, wakaenda zao.

Mawingu yalishaanza kukusanyika. Ndipo alasiri moja akaja mama mmoja muuza samaki wakavu sokoni, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Chef, ni kweli mule muntu anatoka bila harufu?"

"Kweli, mama."

"Juu bwana yangu iko diacre ku kanisa. Anaweza kunusa moshi tangu barabarani."

Mke huyo wa shemasi akacheza, akatoka, akanusa mikono yake, akatabasamu. Kesho yake alikuja na wenzake wawili. Halafu wakaja wazee wenye suti za ibada. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, sikuwa na kiti cha kumpa mtu. Directeur alisimama mlangoni akikuna shingo.

"Mapadri bamekuya?"

"Bado, Directeur. Hawa ni bengine."

Chumba kile nilikishika mpaka nilipostaafu, bado nina nguvu zangu. Siwashauri vijana kucheza kamari, hata mimi sikucheza. Lakini ukilazimika kuingia mle, nenda mapema kabla wavutaji hawajajaa, tafuta kiti karibu na mlango, na usimwonee mtu aibu kuhama anapowasha.

Siku ya kuniaga walialika familia. Mama Béatrice alikuwa hajawahi kukanyaga mahali pale. Alisimama kidogo mlangoni pa chumba changu, akaingia, akakaa. Directeur alikuwa anatoa hotuba ya kunisifu, na sifa kwa kawaida siziachi zinipite, lakini siku ile sikuisikia. Nilikuwa nimemwinamia mke wangu.

"Baba Béa, bantu banatuangalia. Unafanya nini?"

"Ninasikiliza kifua."

"Kinasema nini?"

"Kimenyamaza."

"Basi na weye nyamaza," akasema, "tusikie vile banakusifu."