Simba wa Dantela Juu ya Jiwe

Tarehe 9 mwezi wa tano mwaka wa 1978 tulimzika mama yangu, na wiki sita baadaye, kwa mikono yangu miwili, nilimng'oa simba mguu. Naona haya kusimulia, lakini watu wa mtaa wetu wa Katoyi wanasimulia bila mimi, na wanaongeza.

Mama alikuwa dobi wa masera, wale watawa wa kike, kwa miaka ishirini. Masera mzee mmoja, Mbelgiji, alimpa zawadi ya kitambaa cha dantela, ile lesi ya uzi yenye matundu, chenye simba katikati. Mzazi wa huyo masera ndiye aliyekisuka kwa mkono huko Ubelgiji wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wakiwa wamekalia nchi, uzi unatoka ng'ambo kwa msaada na wanawake wanasuka ili wapate chakula. Mama alikihifadhi ndani ya karatasi, hakukitandika hata siku moja. (Sisi tulikula kwenye meza tupu.)

Basi akaja mgeni wa masera, mama mmoja anayefanya kazi kwenye makumbusho ya dantela kwao, akaomba akichukue, kiwekwe ndani ya kioo pamoja na vingine vya wakati ule wa vita. Nikasema sawa, ila pembeni liandikwe jina la mama, maana msalaba wake ulikuwa wa mbao na rangi ilishaanza kutoka. Akakubali. Nikilete Jumamosi asubuhi, kabla hajapanda ndege.

Ningekipeleka jinsi kilivyo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini niliona mtoto wa dobi hawezi kutoa kitambaa kilichogeuka manjano kwa uzee, kwa hiyo alfajiri ya Jumamosi hiyo nikakifua, nikapika uji wa muhogo wa kukikazia, kama mama alivyokazia kola za mapadri, isipokuwa wake ulikuwa mwepesi na wangu, nakiri, ulikaribia kuwa bugali, kisha nikakitandaza juani juu ya jiwe jeusi la volkano, kwa kuwa hapa Goma pasipo jiwe ni kitandani tu. Niliporudi kilikuwa kimekauka. Kimekauka pamoja na jiwe. Uji uliingia kwenye vitundu vyote vya jiwe, na dantela nayo ni vitundu vitupu. Nikavuta pembe moja. Nikasikia trrr. Nikaacha.

Saa zilikuwa zinakwenda. Nikajitwisha jiwe.

Muuza makaa akaniita: "We dada, kila mutu hapa anatafuta namna ya kuondoa mawe kwake, na wewe unabeba?" Watu wakanifuata. Mlinzi wa masera akanizuia mlangoni, akaniita raia kama serikali ilivyoagiza: "Sitwayeni, kujenga tulishamaliza." Nikamwambia nimeleta dantela. Akaangalia jiwe, akaangalia nguo yangu nyeusi ya msiba, akafungua polepole, kama mutu anayemfungulia mgonjwa.

Nikaliweka mezani, kati ya vikombe vya kahawa. Mgeni akasogeza kikombe chake. Masera mzee ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, ulijaribu maji?"

Maji. Mtoto wa dobi. Nyuma yangu dirisha lilikuwa limejaa majirani. Nikasema, "Hapana, masera."

Wakamimina maji ya vuguvugu, na kitambaa kikaachia chenyewe, isipokuwa ule mguu wa nyuma niliouvuta, ambao ulibaki kwenye jiwe. Nikamwambia mgeni kama hakitaki tena ninaelewa. Akauliza tu jina la mama.

"Kahindo," nikasema.

"Alibatizwa Maria," akasema masera.

"Maria ni jina la kizungu, serikali imelikataza, masera. Aandike Kahindo."

Mgeni akaandika nyuma ya bahasha. Sikujua kama anaandika kweli au ananihurumia.

Tangu siku ile sikazii nguo ya mutu kwa uji, na kitu kikigoma sikivuti.

Mwaka uliofuata masera aliniita, akanipa picha: kioo, dantela, simba wa miguu mitatu, na kikaratasi cha Kifaransa. Nikampelekea mama mdogo, ambaye hakusoma, nikamfasiria: jina la aliyesuka, vita, na chini kabisa, "Kilitunzwa na Kahindo, Goma."

Akahesabu miguu ya simba kwa kidole.

"Na mguu?"

"Uko kwangu, kwenye jiwe."

Akaniambia nisome tena pale chini. Nikasoma.