Nilimharibia Gitaa, Akaamini Masikio Yake Yamekufa

Nimekosa. Sitafuti mtu wa kunitetea, na ukimaliza kusoma hutatamani kunitetea. Nilimfanyia binadamu mwenzangu ukatili ambao hauachi alama mwilini, na nilimfanyia huku ananiita kaka.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Ya mji na milima nimeyaacha, hayana kosa.

Nilikuwa fundi wa magitaa hapa Same. Nilianza na useremala, vitanda na makabati, halafu makwaya wakawa wananiletea magitaa yao yaliyovunjika. Nikajifunza kukarabati, mwisho nikawa natengeneza mwenyewe kuanzia ubao mtupu.

Lakini kabla ya ufundi nilikuwa mpigaji. Bendi yetu ilizunguka harusi, send-off na sherehe za kipaimara, kuanzia Mwanga mpaka Hedaru. Gitaa la solo lilikuwa langu. Nilijiona mkubwa sana!

Ndipo akaja Eliamini.

Elia alitokea shamba la mkonge huko tambarare. Alikuwa kibarua wa mashine ya kukamua majani, na mashine hiyo ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kwa mpigaji, huo ndio mkono wa kubana nyuzi. Mwingine angelia na kuacha. Yeye aligeuza gitaa, kulia kukawa kushoto, akaanza kujifunza upya kama mtoto. Alipofika kwetu alikuwa anapiga vizuri kuliko mimi. Vizuri mno, jamani. Namwandika kama alivyo.

Kiongozi wa bendi aliniambia, "Kaka, pumzika kidogo, tumjaribu huyu kijana." Kupumzika kwenyewe ndiko kukawa kuachwa.

 Nikafungua karakana yangu, nikajifanya ndicho nilichokuwa nakitaka siku zote. Kumbe moyoni naoza.

Baada ya miaka kadhaa ikaja harusi moja kule Mamba, nyumbani kwao Elia, mlimani kwenye tangawizi. Mimi nilikwenda kama mgeni tu. Mshereheshaji akaniona, akashika kipaza sauti: "Jamani, Same kuna maajabu! Mwenye vidole kumi kakaa kwenye kiti, mwenye vinane ndiye anapiga!"

Watu walicheka mpaka wanashikana mabega. Elia naye alicheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama anayecheka utani wa nyumbani. Na mimi nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya maturubai, nikatapika pilau yote.

Miezi michache baadaye akanijia karakana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, Elia."

"Nataka unitengenezee gitaa. La mkono wa kushoto kabisa, kuanzia mwanzo. Hili la kugeuza linanitesa. Vitufe vya sauti viko chini ya kiwiko, nikipiga kwa nguvu sauti inazimika yenyewe. Nimetafuta mpaka Arusha, hayapo."

"Kwa nini mimi?"

Akashangaa. "Nani mwingine anajua ninavyopiga?"

Nikakubali. Na naapa, mwanzo nilikubali kwa nia safi. Nilichagua mninga mkavu kwa ajili ya mwili, na mpingo kwa uso wa shingo. Shingo kwa nyuma niliichonga kwa kufuata kidole gumba chake mwenyewe. Alikuwa anakuja, anakaa kwenye stuli, ananisimulia habari za kambi ya mkonge, tunacheka. Gitaa lake la zamani nililifungua lote, nikachukua pikapu, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, na funguo za kukazia nyuzi, kwa sababu alizipenda. Likabaki ganda. Shika hapo, maana ndipo nilipompatia: tangu siku ile, Same nzima hapakuwa na gitaa jingine lililopangwa nyuzi kinyume, ambalo Elia angeweza kulipiga.

Siku niliyokuwa napima mahali pa kukata mifereji ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kiongozi wa bendi alisimamisha pikipiki mlangoni. Wala hakushuka.

"Fundi, harakisha gitaa la Elia! Tumepata mwaliko Arusha, shughuli ya wakubwa. Huyu jamaa ndiye bendi yenyewe."

Akaondoka. Nikabaki na penseli mkononi.

Nikafuta mistari yote niliyokuwa nimeshachora. Nikachora mingine.

Niwaeleze kwa lugha rahisi. Kila freti ina mahali pake, na ukikosea hata kwa unene wa ukucha noti inatoka ya uongo. Mimi freti za mwanzo niliziacha sahihi. Kuanzia ya tano kwenda juu, nikasogeza. Nusu milimita hapa, milimita moja pale, nyingine mbele, nyingine nyuma. Ukipiga nyuzi bila kubana, gitaa safi kabisa. Ukipanda juu, ambako Elia ndiko anakoishi, linapotoka kidogo tu, kiasi cha msikilizaji kukunja uso bila kujua kwa nini.

Kukosea bila kujua ni rahisi. Kukosea kwa rula kunataka mkono mtulivu. Wangu ulitulia!

Mke wangu, Mama Neema, ni mwimbaji wa kwaya, sikio lake ni kali. Nilipokuwa najaribu lile gitaa alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba Neema, hilo gitaa linasema uongo huko juu."

"Nyuzi mpya. Zitatulia."

"Sio nyuzi hizo. Litengeneze kabla hujampa mtu."

Nikamwambia nitatengeneza. Kesho yake nikampa Elia.

Alilipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alililaza mapajani, akapitisha kiganja kwenye ule mninga. Machozi yakamlengalenga. Mama yake akanitumia tangawizi na ndizi kutoka Mamba, na ujumbe: "Mwambieni fundi, Mungu amzidishie." Nilizila zile ndizi. Nilizila zote.

Arusha waliaibika. Nilisimuliwa. Solo lilikuwa linatoka nje ya wimbo, waimbaji wanapotea, watu wanaangaliana. Wiki iliyofuata bendi nzima ilikuja karakana. Wenzake walishajaribu kulishika, lakini nyuzi zimepangwa kinyume, hawakuweza kupiga hata mstari mmoja. Aliyelitetea ni Elia mwenyewe! "Gitaa halina shida. Nimeliona likichongwa kwa macho yangu."

Nikatoa simu yenye programu ya kupimia sauti. Nikapiga uzi mmoja mmoja bila kubana freti. Taa ya kijani. Kijani. Kijani. Nyuzi zote sita.

"Mnaona wenyewe," nikasema.

Wakamgeukia Elia. 

Alirudi kesho yake peke yake. Ninachokiandika hapa sijawahi kumwambia mchungaji wala mke wangu. Nawaambia ninyi.

"Kaka," alisema, "nahisi nasikia vibaya. Nikipiga naona kabisa sio yenyewe, lakini mkono uko mahali pake. Itakuwa nini?"

"Ulikaa kwenye mashine ya mkonge muda gani?"

"Miaka sita."

"Zile kelele zinaua masikio, Elia. Polepole. Mtu hajui."

Nina kinanda kikuukuu mle karakana. Nikamwambia ageuke, atazame ukuta. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena, kilekile.

"Ipi iko juu?"

"Ziko sawa."

"Sikiliza vizuri." Nikabonyeza kilekile, mara mbili.

"Kaka… mimi nasikia ziko sawa."

"Hapana, Elia. Ya pili iko juu."

Nilimfanyia hivyo mara nne au tano. Mwisho akaanza kubahatisha. "Ya pili?" Namjibu, "Safari hii ya kwanza." Mabega yake yakashuka. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Ee Mungu wangu! Nilijisikia vizuri. Nisiwadanganye. Siku ile nilijisikia vizuri.

Bendi wakamwambia apumzike kidogo. Neno lilelile. Na solo akarudishiwa nani? Mimi. Nikavaa shati jipya, nikasimama pale alipokuwa anasimama.

Ndugu zake walimpeleka hospitali kubwa, akapimwa masikio. Akaja kunionyesha karatasi. Masikio mazima kabisa, hayana tatizo lolote. Nikasema sasa nimekamatika. Lakini hakunishuku, jamani! Unajua alisemaje?

"Kama masikio ni mazima, basi ni kichwa, kaka. Nimeanza kuchanganyikiwa."

Nami nikamjibu, "Pole. Zidisha maombi."

Akaacha kabisa kupiga, akarudi kwao Mamba. Akaacha hata kuimba kanisani, anasimama na kitabu mdomo umefungwa. Mkewe akimwita anauliza, "Umesema kweli, au nimesikia mimi tu?" Habari hizo zilishuka mlimani mpaka sokoni, mke wangu akazikuta huko. Alirudi na kapu tupu.

"Lile gitaa ulilitengeneza?"

Nikaendelea kupiga randa.

"Baba Neema. Nakuuliza. Ulilitengeneza?"

"Mambo ya kazi yangu usiyaingilie."

Alikaa chini palepale kwenye sakafu ya karakana, juu ya maranda. "Watu wanasema Elia amekuwa kichaa," akasema. "Wewe ndiye uliyemtia kichaa. Nenda kamwambie. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

"Ukienda, usirudi kwenye nyumba hii."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na moja. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akainuka, akajifunga khanga, akapanda bodaboda kwenda Mamba. Hakurudi. Yuko kwao Ugweno mpaka leo, na Neema yuko naye.

Elia alishuka siku ya tatu. Mchana, jua kali, upepo wa Same unapiga mabati. Alikuwa amebeba gitaa mgongoni. Nilidhani atanipiga nalo, na nilitamani anipige.

Akaliweka juu ya meza yangu ya kazi. "Nipimie," akasema.

"Elia…"

"Chukua rula. Nipimie, nione."

Nikapima. Mikono yangu, iliyotulia siku ile ya kukata, ilikataa kushika rula. Nikamwonyesha freti ya tano, ya saba, ya tisa. Nikamwambia kila moja ilipaswa kuwa wapi. Alikuwa ananifuata kwa kidole.

"Na kinanda?" akauliza.

Nikaiweka rula mezani.

"Na kinanda, kaka? Zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa."

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kwa Kipare, lugha tuliyozoea kutaniana kwayo: "Mashine ilinikata vidole kwa sababu haina macho. Wewe ulikuwa unaniangalia."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nitang'oa shingo yote, nitatengeneza nyingine, nzuri kuliko zote. Akatikisa kichwa. "Hata ukitengeneza ya dhahabu, nitajuaje?" Akatoka. Gitaa akaliacha mezani.

Bendi ilinifukuza jioni ileile. Makwaya waliacha kuleta magitaa. Sasa natengeneza stuli na vitanda, na wateja wangu ni wapita njia wasionijua. Yote hayo nayastahili.

Kinachoniua ni kingine. Mwaka huu wanakwaya wenzake walimtafutia gitaa la kushoto kutoka nje ya nchi, zima, la kiwandani. Bendi ikamrudisha. Mwezi uliopita walipiga kwenye harusi hapa mjini, nikasimama nje ya uzio wa michongoma kumsikiliza. Alianza. Jamani, sauti ilikuwa ileile! Kila noti mahali pake. Nikasema asante Mungu, sikumuua.

Katikati ya wimbo akasimama. Akamwinamia mpiga besi, nikasoma midomo yake: "Iko sawa?" Mpiga besi akamwitikia kwa kichwa. Akaendelea kidogo, akasimama tena. Akamgeukia mpiga ngoma. "Iko sawa?" Ikawa hivyo wimbo mzima. Maharusi wanacheza, yeye anazunguka kuuliza. Wimbo ulipoisha watu walipiga makofi, naye akawa anatazama wale watu, mmoja mmoja, kama anayetaka kujua wanamdanganya au la.

Niliondoka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Wewe unayesoma, hasa wewe ambaye watu wanaweka vitu vyao mikononi mwako: fundi, daktari, mwalimu, mshonaji. Kama unamchukia mtu, mkatalie kazi yake. Mwambie usoni, "Mimi kwako siwezi, tafuta mwingine." Ataudhika, atakutangaza, itapita. Lakini usimpokee, ukamchekea, ukachukua rula. Mimi shingo ya gitaa naweza kuing'oa nikaweka mpya kwa siku nne. Lile nililomfanyia Elia nimelizunguka kila upande, na sijaona pa kuanzia kung'oa.