Ukoo wa Star

Ng'ombe wangu wa kwanza alitoka Masakta, kwenye zizi la baba yangu, na alipofika kwangu Masieda alikuwa na doa jeupe katikati ya paji la uso. Nilimwita Star, yaani nyota. Lilikuwa mojawapo ya maneno machache ya Kiingereza yaliyonibakia tangu darasa la saba, na sikuona sababu ya kulificha. Majirani walicheka. Wacheke, ng'ombe ni wangu.

Kwa baba yangu ndama hapewi jina ovyo. Anafuata ukoo wa mama yake, na ukisikia anavyoitwa unajua ametoka tumbo gani, hata kama mama alishachinjwa zamani. Kwa hiyo nilitaka binti za Star wafanane naye mdomoni. Nilichukua kamusi ya mwanangu, nikatafuta maneno yanayoanza na s na t kama jina la mama yao, nikayasoma pamoja na maana zake mpaka nikapata yanayowafaa. Wa kwanza akawa Steady, aliyetulia, kwa sababu ukimkamua hatikisi hata mkia. Wa pili ni Stray, anayepotea njia, na hakuna shamba la maharage pale jirani ambalo hajaliingia. Wa tatu ni Stingy, bahili. Huyo maziwa anayabana, na hata ukimbembeleza vipi anakupa ya chai tu.

Kuku nao wakachukua herufi zao, b na r. Kulikuwa na Brave, shujaa, jogoo aliyemfukuza mbwa, na Broken, mtetea aliyevunjika mguu na bado anataga. Wanangu walisema mama amechanganyikiwa, anaongea Kizungu na mifugo. Niliwaambia mifugo inaniitikia vizuri kuliko wao.

Sasa niseme kwa nini nilirudi darasani na mvi zangu. Mume wangu alipolazwa, madaktari wawili walisimama upande huu na ule wa kitanda chake wakazungumza Kiingereza juu ya kichwa chake. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake, nimeshika chupa ya uji. Walimjadili kama gunia linalotafutiwa mahali pa kuwekwa. Walipomaliza, mmoja akanigeukia akasema, "Mama, tutaona." Katika mazungumzo yote yale, yangu yalikuwa hayo tu. Tulimzika kabla sijaelewa alikuwa anaumwa nini, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Niliapa sitasimama tena pembeni nikisemewa mambo yangu, na kwamba nitafanya mtihani wa kidato cha nne kama watoto wa watu.

Darasa letu la watu wazima tunaazimwa na shule ya msingi, jioni watoto wakishatoka. Madawati ni ya watoto, magoti yanakufikia kifuani. Mwalimu wetu wa Kiingereza ni kijana wa chuo kikuu, mtu wa mjini, rika la kitinda mimba wangu. Tukikutana nje ya mlango ananiamkia shikamoo kama inavyotakiwa, nami naitikia. Akishavuka kizingiti mambo yanageuka, mimi ndiye wa kusimama nimsalimu yeye. Nilikuwa nasimama. Sikupenda, lakini nilikuwa nasimama.

Alitufundisha maneno kwa mafungu yake: ya jikoni, ya hospitali, ya safarini. Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza, haya maneno strong, street na stream yanayoanza sawa, mama yao ni nani? Sikuwa natania. Niliamini kabisa kwamba maneno yanayofungua mdomo kwa namna moja yametoka tumbo moja, na ukiyafuatilia vizuri utamkuta mama yao. Darasa zima lilicheka, hata yule mzee wa nyuma anayelala kila kipindi. Mwalimu alisema maneno hayana ukoo. Moja ni nguvu, jingine ni barabara ya mtaa, jingine ni kijito, na herufi za mwanzo hazijui lolote kuhusu maana. Akasema nikiendelea hivyo nitayachanganya yote.

Nilimjibu kwamba kwetu nawajua ndugu wa tumbo moja, mmoja katekista na mwingine mwizi wa mbuzi, na hakuna aliyewahi kuwachanganya. Wenzangu wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Mwalimu hakupenda. Kipindi kilichofuata alitangaza kwamba kabla ya kupeleka majina ya watahiniwa atamsimamisha kila mtu na kumuuliza maneno. Asiyeweza atasubiri mwakani. Aliposema mwakani alikuwa ananitazama mimi. Niliogopa. Mwakani ni neno jepesi kwa kijana, ila mtu mwenye shamba, mifugo na magoti kama yangu hajui mwakani itamkuta wapi.

Zamu yangu ilipofika, aliniuliza maneno ya s na t matupu. Nikajua ananitega. Stem? Shina, kama la mhindi. Storm? Dhoruba, kama ile iliyoezua bati za kanisa. Stitch? Nilikunja mkono wa gauni nikamwonyesha mshono, pale niliposhonwa baada ya Stray kunipiga pembe. Stool? Kigoda ninachokalia nikimkamua Steady. Stale? Hapo nikakwama. Nilimzungukia kila mnyama zizini kwangu, hakuna mwenye jina hilo.

"Chakula kilicholala mpaka kikaharibika ladha," alisema mwalimu. "Unaona sasa? Mama, achana na hii njia yako. Ushike orodha yangu, utajaribu mwakani."

"Mwalimu, umeniuliza mengi na nimekosa moja," nikamwambia. "Orodha yako nitaisoma. Ya kwangu siiachi. Andika jina langu."

Alivuta pumzi, akasema kwa Kiingereza, polepole ili nisikie, "Mama, you are very stubborn."

Hakuna aliyecheka. Niliyaelewa yote isipokuwa la mwisho, na nilijua kwa sura yake kwamba halikuwa la sifa.

"Hilo la mwisho sina," nikasema. "Linaanza na herufi gani?"

"S na t."

"Na maana yake?"

"Mbishi. Mtu asiyeambilika."

Nikamshukuru. Nilibaki nimesimama pale pale mpaka akafungua kalamu akaandika jina langu.

Wiki ile ile Stingy alizaa ndama jike. Siku tuliyotaka kumtoa nje aote jua, alifika kwenye mlango wa zizi akaikita miguu ya mbele chini. Binti yangu akamsukuma kwa nyuma, mimi nikamvuta kwa mbele, ndama hasogei. Tulipochoka tukamwachia, na hapo akatoka mwenyewe kwa raha zake. Nikasema huyu jina lake limeshafika kabla yake, ni Stubborn.

Sasa kwa baba yangu, aliyetoa jina la ndama hupelekewa maziwa mara dang'a, yale mazito ya siku za kwanza, ikishaisha. Stingy alibana kama kawaida yake, lakini nilipata ya kujaza kibuyu. Nikakibeba mpaka darasani, nikakaa nacho kwenye dawati langu. Mwalimu alipoingia wenzangu wakasimama. Mimi nilikinyanyua kibuyu tu, nikamwambia kwamba ukoo wa Star umepata mtoto, jina lake amelitoa yeye, na haya ni maziwa yake kwa haki.

Aliuliza jina gani. Nikamtajia.

Alikuja mpaka kwenye dawati langu, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, na pale pale ndani ya darasa, mbele ya watu wote, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitikia, na sikuinuka.