Ng'ombe Walioshuka Vichwa Vitupu

Nimewahi kuogopa ng'ombe mara moja tu maishani.

Hawakunikimbiza wala kunipiga pembe. Walikuja tu taratibu barabarani, vichwa vitupu.

Ngoja nianze mwanzo, maana kosa lilianzia jikoni kwangu, mjini Linz, juu ya karatasi.

Mimi ni mtu wa ratiba. Kazini napanga zamu za manesi, nyumbani napanga kila kilichobaki. Kwa hiyo mama aliposema Septemba hii anataka kwenda kijijini Gosau kumwona kaka yake akishusha ng'ombe kutoka malisho ya mlimani, nikachukua kalamu.

Mama yangu, Hermine, ana miaka sabini na tisa na nyonga mbovu. Kaka yake, Mjomba Lois, ana themanini na mbili na moyo mbovu zaidi. Daktari alimwambia mwaka huu asipande. Mzee akaitikia vizuri, akavaa viatu, akapanda. Tangu Juni alikuwa huko juu, simu haishiki, na mama kila simu ya nyumbani ikilia anashika kifua.

"Nataka nimwone kwa macho yangu," alisema. "Mwakani sijui kama tutakuwepo wote wawili."

Basi nikapanga safari ya siku moja, maziwa matatu njiani. Saa moja na nusu Ziwa Traun, kahawa. Saa tatu Ziwa Wolfgang, mama anyooshe miguu. Saa tano Ziwa Hallstatt, chakula. Saa saba kamili Gosau, tumpokee mjomba.

Mume wangu Ferdl aliisoma, akacheka sana.

"Hata kukojoa umenipangia dakika nne."

"Tano, ukizidisha kahawa."

Nakala moja nikaituma kwa Hias, jirani wa mjomba, akampandishia mlimani. Chini niliandika: tutakuja na lile gari letu la njano, utuangalie.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Traun tulifika kwa wakati, kahawa ikanyweka. Tulipoingia Ebensee, mama akamgusa Ferdl bega.

"Baba, kata kulia."

"Mama, huko hakumo kwenye ratiba," nikasema.

"Ziwa Langbath lilikuwepo kabla ya ratiba yako. Mimi na Lois tulijifunzia kuogelea pale. Kata kulia."

Ferdl akakata kulia. Yeye na mama wakiungana, mimi sina changu.

Barabara ile inaishia msituni. Mtandao hakuna. Simu ya Ferdl ilikuwa imekwisha chaji kwa kutuonyesha njia, yangu nikaizima ili ibaki na chaji kidogo. Mama akakaa juu ya jiwe, akaangalia maji kwa muda wa saa mbili hivi, anatabasamu peke yake. Sikuwa na roho ya kumhimiza. Nikafuta Ziwa Wolfgang kwa mstari mmoja wa kalamu.

Tukatoka, na simu nikasahau kuiwasha.

Gosau tulifika saa saba kasoro, tukasimama kando ya barabara na watu wengine. Nikaona watu hawapigi gumzo. Nikadhani ni baridi.

Kwetu, kiangazi kikipita salama, ng'ombe hushuka wamevaa mataji ya maua na kengele kubwa. Unawasikia kabla hujawaona, na mwenye mifugo hutangulia mbele, kifua mbele. Lakini nyumba ya mwenye mifugo ikifiwa na mtu, mataji huvuliwa na kengele huachwa. Hakuna anayetangaza. Ukiona vichwa vitupu, unavua kofia yako, basi.

Mama ndiye aliyegundua kwanza.

"Burgi, mbona sisikii kengele?"

"Labda upepo, mama."

Hapakuwa na upepo. Nilisikia kwato tu, nyingi, zinakuja.

Akatokea Falka, ng'ombe kiongozi. Mjomba humtengenezea taji la maua ya karatasi kiangazi kizima, kama binti anayeolewa. Kichwa chake kilikuwa kitupu. Na aliyetangulia mbele alikuwa Hias, siyo mjomba.

Mama akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Lois," alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Lois wangu kaniacha."

Nikamwachia Ferdl amshike, nikaingia barabarani. Nilitaka nijue kabla mama hajajua.

Hias akaniona, akasimama wima. Falka akamgonga mgongoni. Hias akapiga ishara ya msalaba, akarudi hatua moja nyuma, kama mimi ndiye wa kuogopwa.

"Hias, mjomba amefia wapi?"

Akamtazama Ferdl, akamtazama mama.

"Nyinyi si mko ziwani?"

"Ziwa gani?"

"Wolfgang. Redio imesema. Kwenye saa tatu asubuhi, gari la njano limetumbukia, watu watatu, hawajapatikana. Tangu tufike penye mtandao tumewapigia simu mpaka tumechoka."

Saa tatu. Ziwa Wolfgang. Gari la njano. Niliyaona maneno hayo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Mjomba yuko wapi?"

"Nyuma. Tulikuwa tumeshawavisha wote, ndipo habari ikaja. Akayavua mataji moja moja kwa mkono wake. Kutangulia amekataa."

Mama alisikia. Fimbo yake ya kutembelea akaiacha, akaenda akipinga mkondo wa ng'ombe, na nyonga ile ile mbovu, sisi tunamfuata.

Nyuma ya ng'ombe wa mwisho alikuwa mzee mmoja, kofia mkononi, anatazama lami. Akainua uso.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Niliuwazia ule moyo, nikajua sasa ndiyo tunamuua kweli.

Mjomba hakupiga kelele. Alisogea, akashika mkono wa koti la mama, akaufinyafinya toka kiwiko mpaka kiganja.

"Kavu," alisema.

"Tulipitia Langbath," mama akajibu.

Akaanza kuanguka. Ferdl akamdaka, tukakaa naye pale pale barabarani, mama anamfuta machozi kwa kitambaa na kumwita mjinga.

Wale watu watatu walipatikana kesho yake. Hakuna aliyepona. Kuna nyumba mahali fulani ambako hakuna aliyetokea kuwaambia, "Tulipitia Langbath", na hilo sijawahi kulisahau.

Jioni mjomba alinirudishia ratiba yangu. Alikuwa ameweka alama ya penseli. Pembeni ya saa moja na nusu aliandika: wanakunywa kahawa. Pembeni ya saa tatu, msalaba.

Ukimpa ratiba mtu anayekupenda, yeye anasafiri na wewe, kituo kwa kituo. Kwa hiyo ukipinda njia, hata kama ni kwa jambo zuri, washa simu umwambie.