Bibi Yako na Ulimi wa Nyama ya Mkono

Siku ya akika yako, mwanangu, naikumbuka kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha. Nasaha huandikwa na wenye mvi. Mimi mvi sina, nina kidato cha nne na mtoto mmoja, lakini nisipokuandikia sasa utakuja kusimuliwa na watu wa upande wa baba yako, nao watakupa wanavyojua wao.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa akiuza machungwa ya jumla Muheza. Sauti yake dereva wa lori aliisikia kabla hajazima injini. Alitafuna tambuu tangu usichana wake, na tambuu lake halikukosa tumbaku. Kidonda kikamtoka pembeni mwa ulimi. Akaambiwa ni jino linamkwaruza. Jino likang'olewa, kidonda kikabaki. Akaletewa shabu asukutue, akaletewa asali, akaambiwa ni jicho la wenzake sokoni. Kila mtu alikuwa na dawa yake, wa kumwambia nenda hospitali hakuna. Alipokwenda kukatwa kinyama cha kupimwa, saratani ilishakula karibu nusu ya ulimi. Hapo, mwanangu, natamani kumkaba mtu, ila sijui nianze na nani.

Alipasuliwa Dar es Salaam. Madaktari waliikata ile sehemu mbovu yote. Kisha wakachukua ngozi na nyama ya mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, karibu na kiganja, pamoja na mishipa yake ya damu. Wakaishona mdomoni pale palipokatwa, na ile mishipa wakaiunga na ya shingoni, ili nyama ipate damu isife. Mkono nao wakauziba kwa ngozi ya paja. Nilimkuta kitandani ana mpira wa chakula puani na tundu la kupumulia kooni. Nilikuwa na mimba yako, nikatoka nje kutapika, na sijui kama ni kwa ajili yako au kwa ajili yake.

Ule ulimi mpya hauonji kitu, wala haujisogezi wenyewe. Kile kipande cha zamani ndicho kinausukuma. Alijifunza kumeza upya, kidevu kimeinamishwa, kwanza uji mzito, maji baadaye sana, maana maji yalikuwa yakimpalia. Alijifunza kusema upya mbele ya kioo. Siku moja akaniita chumbani, ulimi nje: "Njoo uone. Nimeota ndevu mdomoni!" Kweli, vinyweleo vya mkono vilikuwa vimeota. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukazaliwa wewe. Kwetu, mtoto wa kwanza hutiwa kinywani tende iliyotafunwa na bibi mzaa mama siku ya akika, na bibi huyo ndiye humwombea dua mbele ya watu. Mama aliisubiri siku hiyo kuliko siku ya kutolewa mpira puani. Aliniambia, "Nikishamwombea mjukuu wangu, nitajua nimerudi."

Nyumba yetu, mtaani Nguvumali, ilijaa. Wewe ulikuwa mapajani mwangu, sahani ya tende iko mkekani. Mama akasogea. Ndipo Bi Mgeni, shangazi yake baba yako, akaivuta sahani upande wake.

"Jamani, tusioneane haya," akasema. "Mtoto hufuata kinywa cha anayemtia tende. Tumtafute mwenye ulimi kamili. Na ugonjwa wenyewe ule, nani anajua kama hauambukizi?"

Wanawake wakatazama mkeka. Nilipandwa na hasira.

"Wewe Bi Mgeni, saratani inaambukiza kwa tende? Umesomea wapi? Shikamoo zangu zote hizo nirudishie!"

"Astaghafirullah! Mnamsikia mzazi huyu?"

"Wanisikie! Mama yangu anataka kumwombea mtoto, na mama yangu anasema—"

Kiganja kikaja mbele ya uso wangu. Cha mama. Hakukigusa kinywa changu, lakini nilinyamaza kama aliyezibwa.

Akasema mwenyewe. Mwanangu, anaposema bibi yako lazima utulie. Neno linakuja zito, mate yanamsumbua, anasimama, anameza, anaendelea. Siku ile aliendelea mpaka mwisho.

"Dada Mgeni, nitazame." Akafunua mkono wa kushoto, lile kovu pana, lililobonyea kwa kukosa nyama. Akafungua kinywa, akautoa ulimi. Mtu mmoja akaguna. "Nyama hii imetoka hapa. Mkono huu umebeba matenga, umefua, umemzika mume wangu na umemlea huyu mwenye makelele. Mtoto akiufuata ulimi huu, atakuwa amefuata mkono wa kazi. Ubaya uko wapi? Na kutafuna siwezi, mate yangu hayamfikii. Iponde wewe kwa maji ya moto, mimi nitampaka kwa kidole."

Bi Mgeni hakuomba radhi, usije ukadanganywa. Alijifunika mtandio mpaka puani. Lakini aliiponda ile tende.

Mama akanawa, akakupaka, ukamnyonya kidole. Akaanza dua. Katikati akakwama kwenye neno, na baba yako, kwa huruma tu, akataka kumsaidia kulimaliza. Mama akatikisa kichwa. Tukangoja. Chumba kizima, na watoto wa watu, na Bi Mgeni, tukangoja mpaka neno likatoka, na yaliyofuata yakatoka. "Amin" yetu siku ile ilisikika barabarani.

Watu walipoondoka nilidhani atanishukuru. Akaniambia, "Bi Mgeni alitaka kuninyang'anya sahani. Wewe ulitaka kuninyang'anya maneno. Nipiganie, lakini nisubiri." Nikasema, mama, mimi nakutetea. Akasema, "Najua. Kaa kushoto kwangu, si mbele yangu."

Basi, mwanangu, sikiliza, maana sitazunguka. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki mbili tatu ni cha kupelekwa hospitali, kiwe cha nani na mwenyewe awe na haya gani. Tumbaku usiitie kinywani, hata ikifungwa kwenye jani zuri na mtu unayempenda. Atakayekwambia saratani inaambukiza kwa kula pamoja, kula na mgonjwa mbele yake. Na ukimkuta mtu anayesema kwa shida, awe bibi yako au mpita njia, usimmalizie. Hata kama umeshajua anachotaka kusema. Hata kama una haraka na una huruma. Neno ni lake, mwache alifikishe. Hasira mimi sikukatazi, ninayo na nitakufa nayo, ila ikae pembeni mwa mwenye shida, isimkalie.

Mwenyezi Mungu akupe kinywa kizima na uzee mrefu. Na ikija siku kinywa chako kikakuelemea, akuzungushie watu wenye subira, wakungoje mpaka umalize. Amin, mwanangu.