Kumhamisha Mtakatifu Yosefu

Wenzangu wa bweni letu pale Tabora, mlikwenda Dar likizo, mkarudi na suruali pana. Mimi nilikwenda mahame, kijiji tulichokihama, kuchukua dirisha. Kwa kuwa mmenichosha na habari za Dar, nanyi someni hizi.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Usoke, tulihama na kila kitu isipokuwa dirisha la vioo vya rangi la kanisa letu la zamani: Mtakatifu Yosefu na msumeno wake. Sasa paa la kule limeanza kuanguka. Chama cha akina baba wa kigango, ambacho mwenyekiti wake ni baba yangu, kikasema kitalifuata. Mama Veronika, kiongozi wa akina mama, akacheka.

"Kinanda mlikiangusha mtoni. Mkipasua na hili, mwenyekiti atafagia kanisa Jumapili, watu tumekaa."

Baba akakubali mbele ya wote. Kwa mtu ambaye nyumbani hajui ufagio unawekwa wapi, hilo halikuwa jambo dogo.

Jumamosi alfajiri tuliondoka wanne: baba, Patrisi seremala, Mzee Klementi na mimi, niliyechukuliwa kwa ajili ya mabega. Njia ni ile ile ya misafara ya zamani. Mzee Klementi, ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu hadi pwani, alitueleza namna ya kubeba mizigo tangu tunatoka mpaka jua linawaka, huku mfuko wake nimeubeba mimi.

Mchana tulifika mahame. Nyasi zilikuwa zimeingia hadi altareni, na nyuki wamejaa kwenye kiti cha maungamo. Nadhani walikuwa na mengi. Patrisi alilitoa dirisha na fremu yake. Tukalizungushia magunia, tukalifunika shuka jeupe, tukalifunga juu ya miti miwili na kulitia mabegani. Lilikuwa na urefu wa mtu mzima.

"Tukikutana na watu watatupa pole," nikasema.

"Nyamaza, ubebe," akasema baba.

Alasiri, tukiwa hoi, tulikutana na Mzee Hamisi, muuza nguo wa Usoke, na vijana wake wawili. Alipotuona tu, aliilaza baiskeli majanini. "Poleni, ndugu zangu." Hakuuliza kitu, akaingiza bega mahali pa Mzee Klementi, na vijana wakatupokea Patrisi na mimi.

Mzee Klementi akamnong'oneza baba, "Usiseme neno. Mungu katuletea mabega."

Baba akarekebisha mti begani, akaendelea kutembea. Mimi, ili mambo yakamilike, nikaanzisha wimbo wa kuzika.

Sasa, Waislamu hawamcheleweshi maiti. Sisi humburuza na nyimbo, wao humharakisha. Mzee Hamisi alishika mwendo, na ndani ya shuka vioo vikaanza: kli, kli, kli.

"Marehemu wenu anatafuna nini?" akauliza.

"Alikuwa na meno mengi," nikajibu. Baba alinikata jicho.

Kisha ikasikika *kra*. Baba akasimama, jasho likimtiririka. "Tueni. Si mtu. Ni dirisha la kanisa."

Mzee Hamisi akafunua pembe ya shuka. Alimtazama Yosefu kwa muda.

"Nimemwombea dua tangu kule tulipokutana," akasema.

"Utusamehe, mzee wangu."

"Huyu ni fundi?"

"Seremala."

"Mliogopa mkisema ni dirisha la kanisa nitakataa?"

Baba alitazama chini.

"Haya, nyanyueni. Ila sasa twendeni mwendo wenu, wa kuburuza." Akabeba hadi kijijini. Baiskeli niliisukuma mimi, tangu pale alipoilaza.

Magharibi Mama Veronika alipitisha kidole kioo kwa kioo. Kwenye msumeno kikasimama: ufa mwembamba kama unywele.

"Mwenyekiti," akasema, akionyesha kona yenye ufagio.

Jumapili Yosefu alikuwa ukutani, jua likipenya ndani yake, na baba anafagia huku akina mama wakiinua miguu polepole makusudi. Mzee Hamisi akatokea mlangoni.

"Nimekuja kumwona marehemu wangu."

"Karibu ndani," akasema baba.

"Hapa panatosha. Wewe fagia, usimtimulie vumbi."

Nilichojifunza ni kwamba mtu akidhani umebeba maiti, atakupa bega bila kuuliza dini. Akijua ni dirisha, atakupa vilevile, ila itabidi kwanza umtazame usoni. Baba naye kajifunza lake: anajua ufagio unawekwa wapi.