Mkono Ulioacha Bomba

Mwalimu wa baleti ana sauti ya chini na vidole vikavu. Kila apitapo nyuma ya wanafunzi wake, wote watu wazima, huchomeka kikaratasi kati ya kiganja na bomba la kujishikia ukutani, kisha hukivuta. Kikikwama, ishara kwamba mkono umeling'ang'ania bomba mno, hukohoa. Cha mjane mmoja kilichanika.

"Mama, hilo bomba si mume, halitakukimbia."

Darasa likacheka. Mjane, aliyesimama kwa ncha ya mguu mmoja, akafura: marehemu afanyiwe mzaha ukumbini! Mkono uliong'ang'ania bomba ukachomoka, ukamnyooshea kidole.

"Mume wangu hakunikimbia, bwana mdogo! Nilimzika kwa heshima zake zote!"

Mwalimu alikuwa amechuchumaa, akikitazama kisigino cha mjane kilivyotulia hewani.

"Niwie radhi, mama," alinong'ona. "Lakini huo mkono usiurudishe."